Mbuzi Aliyebaki Tororo

Asubuhi ile nilitoka Eldoret bila mpango, nimevaa koti la ndugu yangu mkubwa, mfukoni nauli ya treni ya kuelekea Uganda. Sikuaga. Ningemwangalia shemeji usoni namna gani?

Jana yake ndugu yangu alikuwa amenipeleka ofisi ya kodi niwe shahidi wa ndoa yake. Alikuwa karani wa kiwanda cha mbao, na mwenye mke alikatwa kodi kidogo kuliko kapera. Waliooa hapa karibu walileta neno la chifu wao, basi. Lakini mke wake alitoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, na chifu wetu hakumjua. Kodi aliyozidishiwa ikirudishwa, angemalizia kulipa hisa yake ya shamba walilonunua kwa pamoja na wenzake, kule kijiji cha Ziwa. Ikikataliwa, kipande kingeenda kwa mwingine.

Mimi ndiye niliyeandamana naye kupeleka mahari.

"Mahari yalikwisha?" karani wa kodi akauliza.

Shemeji alikuwa ameketi kando yangu. Kwetu husemi mahari yamekwisha. Ni kama kusema umenunua mtu dukani na huna haja tena na wazazi wake. Nikajibu kwa adabu zangu zote, "Bado mbuzi mmoja."

Karani akaweka kalamu chini. "Basi hajaoa."

"Kwani wewe umemaliza kwa wakwe zako?" nikamuuliza.

"Mimi nimeoa hapa jirani, Turbo, kijana. Chifu ananijua."

Nje, shemeji alisema tu, "Kumbe miaka hii yote nimekuwa mgeni." Ndugu yangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Treni ilinishusha Tororo jioni. Njia nilikuwa nimeisahau; niliuliza hadi nikafika kwa wakwe wa ndugu yangu. Mama mkwe alilitambua koti kabla ya kunitambua mimi.

"Umeleta yule mbuzi?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kumwomba Mzee aje aseme amekwisha."

Mzee alicheka. "Nikisema amekwisha, binti yangu atabaki na nani huko?"

Alikaa akikuna goti.

"Kesho tupite kwa chifu wetu tuchukue neno lake, halafu twende. Nitasema ni mke wake. Habari za mbuzi wasiniulize. Na wewe usifungue mdomo."

"Ndiyo, Mzee."

Mama akanionyesha pa kulala, pembeni mwa banda la mbuzi. "Lala na wenzake," akasema.

Nikalivua lile koti, nikalitundika juu, mbali na midomo yao. Ndilo ndugu yangu alilokuwa akivaa kwenda ofisini.