Nilivyomwogesha Mstaafu

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa muuguzi wa konokono. Nikisema hivyo mbele ya watu hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu hadithi yenyewe huwa siwamalizii. Ilikuwa Mtwara mjini, Magomeni, miaka ya tisini mwanzoni, katika nyumba aliyotuachia babu. Mgonjwa wangu alikuwa konokono mkubwa wa kujaa viganja viwili, wale wa kahawia wenye michirizi, ambao masika yakikolea unawakuta mpaka kwenye kuta za choo.

Hakuwa wangu. Alikuwa wa mdogo wangu Zuhura, mtoto wa miaka sita ambaye mifupa ilimuuma tangu tulipomjua. Akicheza sana anaumwa, akinyeshewa anaumwa, na baridi ya kipupwe ikianza ndiyo kabisa, analia akishika magoti na viwiko, macho yanageuka njano. Zahanati walimpa dawa za malaria, akapata nafuu, akaumwa tena. Kwa kuwa hakuweza kucheza rede wala kuruka kamba na wenzake, alishinda barazani, na masika hayo konokono akapanda baraza akampita miguuni. Zuhura akamwokota na kumweka kwenye karai bovu. Nadhani alimpenda kwa sababu hakukuwa na haja ya kumkimbiza.

Jina alipewa na baba. Kiwanda cha korosho alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, na siku zake nyingi zilikwisha kwenye mabenchi ya ofisi, akiulizia faili lake la mafao na kuambiwa arudi wiki ijayo. Alipomwona yule mdudu amehangaika na baraza tangu chai ya asubuhi, na adhuhuri bado hajaimaliza, alisema huyu naye mstaafu anafuatilia faili. Zuhura alicheka mpaka akakohoa. Tukamwita Mstaafu.

Bibi hakucheka. Huyu alikuwa mama yake baba, mzaliwa wa Msimbati, na alipohamia mjini alikuja na imani zake zote, hakusahau hata moja. Alituambia kuwa konokono si wa kufuga. Yeye ana nyumba yake, ukimwingiza kwenye nyumba yako basi nyumba mbili zinakuwa moja, na anayemlisha hufungana naye pumzi. Akifunga mlango yeye, na mwenzake anafungwa. Mama alimwomba kwa adabu amwachie mtoto kitu chake kimoja cha kumfurahisha, maana hana kingine. Bibi akatema mate pembeni, akasema yeye ameshasema.

Miezi ile ya mvua ilikuwa mizuri, na sitaki uchungu wa baadaye uninyang'anye. Zuhura alimlisha Mstaafu majani ya mpapai, matembele, na maganda ya mayai aliyoyasaga kwa jiwe. Alimwekea kidole, akangoja vile vipembe virudi ndani, kisha vitoke tena taratibu kuangalia kama hatari imepita. Mwezi wote wa tano hakulia hata mara moja kwa maumivu, na nyumba nzima tuliliona hilo.

Kisha mvua zikakata, majani yakageuka kahawia, na baridi ya asubuhi ikaingia. Mstaafu akaacha kula. Akawa anajivuta hatua mbili na kutulia siku nzima. Asubuhi moja tukamkuta amejikunja ndani kabisa, na mdomo wa gamba lake umezibwa na utando mweupe, mkavu, mgumu kama karatasi ya daftari. Ukigonga, kimya. Wiki hiyohiyo Zuhura alishikwa tena, na safari hii tumbo lilivimba upande wa kushoto na midomo ikawa myeupe. Bibi alikwenda kuangalia karai, akarudi na kukaa chini. Hakuwa na haja ya kutukumbusha alichosema masika.

Zuhura alikuwa amesikia yote. Watoto wagonjwa husikia kila kitu, maana watu husahau kuwa wapo. Jioni moja wakati namkanda miguu alinivuta nguo.

"Dada Fatu, nitunzie Mstaafu. Akipona yeye, na mimi napona."

Nilimwahidi. Ninapoandika haya nina watoto watatu, na sijawahi kuwapa ahadi niliyoishika kwa moyo kama ule. Nilimuuguza konokono yule kwa yote niliyoona Zuhura akifanyiwa. Yeye alifunikwa blanketi, nami nikamviringisha Mstaafu kwenye kipande cha fulana na kumlaza karibu na jiko la mkaa apate joto. Mwalimu wa madrasa alimwandikia Zuhura kombe, aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, ikaoshwa kwa maji akanywa. Matone yaliyobaki sahanini niliyadondosha juu ya ule utando mweupe, nikasema bismillahi. Kila asubuhi nilimwekea jani bichi mlangoni, na kila jioni nililiondoa limenyauka halijaguswa.

Baba akapata njia. Kulikuwa na hospitali ya misheni huko bara, safari ya nusu siku, ambayo watu waliisifu kwa madaktari wake, na rafiki yake mmoja dereva wa lori alikuwa anapita huko alfajiri ya Alhamisi. Alikubali kutuachia nafasi mbele, mama ampakate mtoto. Bibi hakukataa. Alitaka jambo moja tu: Jumatano ile ilikuwa Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano, siku ambayo watu wa pwani hushuka baharini kuoga na kuacha nuksi za mwaka kwenye maji. Mtoto aogeshwe kwanza, kisha waende popote. Baba aliona halina ubaya, maana safari yenyewe ni kesho yake.

Jumatano asubuhi tulitembea mpaka Shangani, Bibi, mimi, na wanawake wa mtaani na watoto wao. Zuhura hakuweza kwenda. Bibi alibeba dumu la kumchotea maji ya bahari. Mimi nilibeba mfuko wa kitenge, na ndani yake, chini ya nguo za kubadilisha, nilikuwa na Mstaafu. Kwa akili yangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Maji yanayoosha nuksi ya mtu yatashindwaje nuksi ya konokono? Na kama walikuwa wamefungana pumzi, haikuwa haki aogeshwe mmoja.

Bibi alipokwisha kutuzamisha watoto, nilisubiri mpaka alipoingia majini mwenyewe na kanga yake, macho yameelekea kibla, nikaenda pembeni kwenye mawe. Nikamzamisha mara saba kama tulivyozamishwa sisi. Mara ya tatu utando ulilainika. Mara ya tano ukapasuka. Nilipomtoa mara ya saba, Mstaafu alianza kutoka, mwili wake wote, mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, anajinyonga huku na huku na povu linamtoka. Nilidhani ni nguvu. Nilidhani ni furaha ya kufunguliwa. Nilimrudisha mfukoni nikarudi nyumbani mbio, nikiwaacha wazee nyuma, nikaingia chumbani alikolala Zuhura.

"Amefungua. Mstaafu amefungua mlango."

Zuhura alikaa. Alikuwa hajakaa mwenyewe kwa siku nne. Mama alimletea uji, akanywa nusu kikombe, akauliza kama Mstaafu naye amekunywa maji. Bibi aliporudi na dumu lake kichwani na kuyasikia hayo, aliliweka chini, akainua mikono, akashukuru. Alimwogesha Zuhura yale maji, akamfuta, akamkalisha juu ya mkeka. Kisha akamgeukia baba na kumwambia kuwa mlango umefunguka, mtoto amekula, ya nini tena kwenda kumtikisa mifupa juu ya lori kutwa nzima? Apumzike wiki hii, wiki ijayo ataonekana. Mama alimtazama Zuhura aliyekuwa anatabasamu, naye akakubali. Mtu aliyemwona mtoto wake amekaa baada ya siku nne, simlaumu kwa kutaka kuamini.

Alasiri nilikwenda uani kumwangalia mgonjwa wangu. Povu lilikuwa limekwisha. Alikuwa amening'inia nje ya gamba, amelegea, ute wa kijani umemwagika kwenye kitenge, na nilipomgusa vipembe havikurudi ndani. Nilimpulizia. Nilimmwagia maji baridi ya mtungini. Mtoto wa Magomeni anajua kitu kilichokufa, nami nilijua.

Baba akatokea uani akiwa amevaa viatu. Alikuwa anakwenda kumwambia rafiki yake dereva asitungojee. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo, akanitania:

"Haya nesi, Mstaafu anaendeleaje?"

Nikasimama mbele ya mfuko usionekane.

"Anakula, baba."

Alicheka, akanipapasa kichwa, akaenda zake. Nimekaa na sekunde ile miaka zaidi ya thelathini, na bado sababu yake ni ileile. Niliogopa. Sikuogopa fimbo. Niliogopa kuwa neno likitamkwa Zuhura atalisikia, na akisikia kwamba mwenzake amekufa, naye atakufa. Nilifikiri nikilificha litakuwa kama halijatokea. Nilimfukia Mstaafu kwa majani nyuma ya choo, nikaosha kitenge.

Lori liliondoka alfajiri. Alhamisi mchana Zuhura aliniuliza habari, nikamwambia Mstaafu ameshiba, amelala. Alasiri homa ilipanda, akaanza kuhema kwa haraka, na baba alizunguka mji mzima kutafuta gari jingine. Alilipata la Ijumaa asubuhi. Zuhura hakulingoja. Alifariki mikononi mwa mama, jua limeshatoka, na baada ya swala ya Ijumaa akazikwa.

Siku ya tatu ya msiba Bibi alifagia nyuma ya choo na kukuta gamba limejaa siafu. Aliniita.

"Nani kamtia maji?"

"Mimi, Bibi. Nilimwogesha baharini, kama ulivyotuogesha sisi."

Hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Mama alikuwa amesimama mlangoni na alisikia.

"Basi umemfungulia mwenzio mlango, akatoka," alisema Bibi.

Kabla ya siku ile Bibi alikuwa akiniita mke mwenzake, kama bibi wa kwetu wanavyotaniana na wajukuu wao, na tuligombania kumpikia baba chai. Baada ya hapo aliniita Fatu. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, nikampikia, nikamfulia, nikamshika mkono alipopofuka, na utani haukurudi. Nilimchukia na nilimpenda, na alipokufa nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mtoto wa miaka tisa hapewi mzigo wa namna ile na mtu mzima anayempenda.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa baiolojia alipotufundisha habari za konokono. Alisema kwa sauti ya kawaida, huku akichora ubaoni, kwamba kiangazi konokono hujifungia kwa utando ili asikauke, na anaweza kulala hivyo miezi mingi, mvua ikinyesha anaamka. Alisema pia kwamba chumvi humvuta maji yote mwilini na kumuua. Niliomba ruhusa ya kutoka, na kipindi kile sikurudi darasani. Mstaafu hakuwa mgonjwa. Katika nyumba ile kulikuwa na mgonjwa mmoja tu, na tulitumia wiki nzima kumuuguza yule mzima.

Ugonjwa wa Zuhura nilikuja kulijua jina lake nikiwa na mimba ya kwanza, muuguzi wa kliniki aliponiuliza kama kwetu kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliponieleza dalili zake, mifupa, macho ya njano, bandama, midomo myeupe, nilimwona mdogo wangu amekaa kwenye benchi lile. Nilimuuliza kama mtoto wa namna hiyo angeweza kusaidiwa wakati ule. Alisema hauponi, lakini kwa damu na maji ya mshipani wengi huvuka, wakaishi mpaka shambulio lijalo na lijalo. Hakujua anajibu nini, na sikumwambia.

Mama sasa ni mzee. Mwaka jana nilipokwenda Mtwara alinishika mkono tukiwa tunachambua mchele, akaniambia kuwa kuna jambo limemkaa moyoni miaka mingi. Bibi yenu alikuonea, alisema. Konokono hafungi wala hafungui pumzi ya mtu, na wewe ulikuwa mtoto unayefanya ulichofundishwa. Alisema alipaswa kunitetea siku ile mlangoni, akakaa kimya, na ananiomba radhi.

Nilimwambia nimesamehe, na kwa hilo nilisema kweli. Kumwogesha konokono si kosa langu. Hilo nililitua kidato cha pili. Ila mama hajui kwamba alasiri ile ya Jumatano, lori likiwa bado mjini, baba aliniuliza swali nami nikamjibu. Hajui kwamba kama ningesema amekufa, Bibi kwa imani yake ileile angepiga yowe na kumfungasha Zuhura usiku uleule, na alfajiri mama angekuwa amempakata mbele kwa dereva. Baba alikufa bila kuligusia. Sijui kama alisahau, au alikumbuka akanifichia.

Mama alikuwa bado ameshika mkono wangu, anangoja nilie niwe mwepesi. Nikamwambia asante mama, yamekwisha. Akafurahi, akarudi kwenye mchele wake.