Mgongo wa Mama na Baiskeli ya Baba

Nilipokuwa mtoto, miguu yangu ilikuwa dawa. Nilizaliwa nikitanguliza miguu badala ya kichwa, na kwetu, kando ya Mukurweini, kila mtu alijua kwamba aliyeingia duniani hivyo akikukanyaga mgongo, maumivu hutoka. Sikuulizwa. Nilioshwa miguu, nikapandishwa mgongoni mwa mtu.

Walikuja wachuma kahawa na wapasua mawe. Alikuja hata naibu wa chifu, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amehutubia baraza dhidi ya ushirikina. Alilala kifudifudi mkekani bila kuvua kofia ya serikali.

"Polepole, daktari," alininong'oneza. "Na usiseme niko hapa."

Lakini mgonjwa wangu wa kudumu alikuwa mama. Ndiye aliyebeba ndizi hadi sokoni, mkungu mgongoni, ukanda wa ngozi ukimkata paji la uso. Muuguzi wa zahanati alimwambia apumzike, agawanye mzigo, na kama kuna chochote nyumbani chenye magurudumu, akitumie.

"Huyo muuguzi ako na ng'ombe wa kuvuta mkokoteni?" baba aliuliza.

Chenye magurudumu kilikuwapo. Kila Jumamosi baba aliipindua baiskeli yake, akaitia mafuta kila kiungo, akainamisha sikio asikie kama kuna kinacholia.

"Baba, si ibebe ndizi?" nilimuuliza.

"Ati ndizi! Unataka ipinde rimu?"

Jioni mama alilala mkekani, nami nikatembea juu yake. "Hapo chini. Hapo hapo. Usishuke bado." Ilikuwa mwiko kumkatiza mtu anayekanyagwa, maumivu yangemrukia mkatizaji. Baba alifika mlangoni kutafuta chai, akaona nyayo zangu, akarudi jikoni kujipikia kimyakimya. Mama alicheka ndani ya mkeka. Nilikisikia kicheko kwa nyayo.

Kisha nikavunja ungo. Shosho, mama yake baba, akatangaza kwamba msichana akifika hapo dawa humtoka.

"Nani amepima?" mama alimuuliza. "Mimi bado inanisaidia, mama."

"Hiyo ni uzito tu sasa," shosho alijibu.

Jioni hiyo mama alilala mkekani kama kawaida. Baba akaja, akasimama, na safari hii hakurudi nyuma.

"Sasa unalalia nini, na dawa imeisha?"

Mama akainuka, mkono mmoja kiunoni, akaenda kuchemsha chai.

Nimesoma mengi tangu wakati huo, na siamini nyayo zangu zilitoa kitu. Naamini ule mkeka, na woga wa baba. Sisi watu wazima tunaoucheka ushirikina, nami nimo, hatukumpa mama kitu kingine cha kumlinda.

Juzi nilimpeleka mama kwa daktari mjini Nyeri. Anatembea akitazama vidole vyake vya miguu. Daktari aliinua picha ya mgongo kwenye mwanga, akauliza kama aliwahi kupata matibabu.

"Nilipata," mama alisema. "Mpaka mtoto akakua."

Baiskeli bado inaning'inia ghalani. Rimu zake zimenyooka kabisa.