Jirani Anayeongea na Ukuta

Jirani yangu anaandika filamu, na haandiki kimyakimya kama watu wenye adabu zao. Kila neno lazima aliseme kwanza kwa mdomo. Ya mapenzi, anaubembeleza ukuta. Ya kutisha, anapiga mayowe mpaka mama mwenye nyumba anadondosha sufuria. Safari hii alikuwa na ya kuchekesha, ya kwanza kwake, na wenzake walishamwambia hawezi. Basi kutwa nzima, kwenye hiyo filamu yake, baba mkwe anamfukuza mkwe kwa upole, hachekeshi hata kidogo. Damu ikanichemka, nikaugonga ukuta. "We mjomba! Nani anafukuza mtu hivyo? Mwambie, inuka kwenye kochi langu, umelikalia mpaka limeanza kukuita baba!" Mara nikasikia vidole kwenye kompyuta, ta-ta-ta-ta.

Siku ya kuionyesha filamu ukumbini alinialika, naye alikaa mbele kabisa, kaipa skrini mgongo, anatazama nyuso zetu huku anatafuna kola ya shati. Lilipofika la kochi, ukumbi mzima ukalipuka. Akaruka juu, ananinyooshea kidole. "Ni huyo! Huyo hapo!" Nikamjibu, "Kaa chini, mjomba, unaniziba, sioni filamu!" Watu wakacheka tena, na yeye akachomoa kalamu sikioni, akaliandika hilo nalo kiganjani.