Bisibisi na Dirisha Jeusi

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mtaani walimwita Bisibisi. Wembamba wake ulichangia, lakini zaidi ni kwa sababu hukumkuta bila bisibisi nyuma ya sikio, pale wengine wanapochomeka kalamu. Alitengeneza kompyuta kwenye karakana ya watu miaka kumi na mmoja. Nilipoolewa nilimkuta hivyo, mseja, msafi, mwingi wa maneno. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, mwanangu mgongoni, kwa hiyo ninayoyaandika niliyaona.

Mafundi wenzake walifungua vitu kwa kubofya picha. Yeye picha hizo aliziita vibandiko vya watoto. Alifungua dirisha jeusi lisilo na kitu ila kistari kinachowaka na kuzima, akaandika maneno, akagonga kitufe, mashine ikatii. Alisema mashine ni kama mtu mzima, ukitaka kitu kwake mwambie kwa maneno, usimnyooshee kidole. Wenzake wakamjibu ndiyo maana hajapata mke, kwa sababu hata wanawake anawaandikia amri. Alicheka kuliko wao.

Kwenye kompyuta yake mwenyewe, aliyoiunga kwa mabaki ya nyingine, kulikuwa na mchezo mmoja tu. Ni mchezo wa vita: watu wa msituni wenye masikio marefu, wachawi, mazimwi, mifupa inayotembea na mapanga. Unasogeza watu wako uwanjani, ukimaliza unasema zamu imeisha, na adui anasogeza wake. Adui ni mashine yenyewe. Aliufungua kwa mstari mmoja mrefu aliokuwa nao kichwani, kwenye dirisha lilelile jeusi. Na alikuwa na utaratibu wake: akimaliza mashine moja ya mteja, anacheza zamu moja. Moja tu. Vita moja ilimchukua wiki. Nikamuuliza kama adui hachoki kungoja.

"Huyu ana adabu, shemeji," akaniambia. "Hata ukienda msibani ukarudi, utamkuta palepale hajakugusa."

Kiharusi kilimwangusha kazini, mchana, mashine ya mtu ikiwa wazi mbele yake. Hospitali walimrudisha nyumbani mkono wa kulia umelala na maneno yamepungua. Hakuwa bubu. Maneno aliyajua, ungeyaona yakimpanda hadi kooni kisha yanageuza. Akitaka maji alisema mlango, akajisikia, akafumba macho. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki mbili yuko njiani, kwa hiyo tulimuuguza mimi na Mama, mkwe wangu.

Dada wa mazoezi pale hospitali alituambia mkono utachukua muda, ila kichwa kisiachwe kikalala. Apewe kitu cha kuamua kila siku, kitu kisichomharakisha. Mwenye karakana alikuwepo siku hiyo, na ndiye aliyeukumbuka mchezo. Kesho yake akaileta kompyuta ya Bisibisi, akaiweka mezani chumbani kwake, kisha akatuita mlangoni. Akasema mtu anayeweza kuishinda ile vita anaweza kutafuta ubovu wa mashine akiwa amekaa, kazi ya mikono ataifanya mwingine. Mwisho wa mwezi atakuja kuona. Akimkuta anacheza kama zamani, kiti chake kipo. Akimkuta hawezi, atachukua fundi mwingine, kwa sababu wateja hawangoji. Mama akarudi chumbani akaipangusa ile meza mara mbili, kana kwamba vumbi ndilo litakalotunyima.

Siku tatu Shemeji alikaa mbele ya kile kistari kinachowaka na kuzima. Aligonga herufi kwa kidole cha kushoto, akagonga kitufe, mashine ikamjibu kwamba haijui anachosema. Alilisoma jibu lake, akaanza tena.

Siku ya nne nilikuwa nafuta vumbi kwenye vitufe, kitambaa kikabonyeza kile chenye kishale cha kuelekea juu. Kwenye dirisha jeusi ukatokea mstari alioandika jana yake, ule wenye kosa. Nikabonyeza tena, ukaja mwingine. Kumbe lile dirisha linatunza kila ulichowahi kuandika. Nikaendelea kupanda, naye ananitazama. Herufi tatu. Herufi moja. Jina la mchezo limekatika kichwa. Herufi moja tena. Niliyapita makosa yake yote akiwa hapo hapo, sikujua macho niyaweke wapi. Halafu, juu ya hayo yote, ukaja mstari mrefu, mzima, wa siku zile kabla hajaanguka.

"Huyo," alisema Shemeji.

Nikagonga, mchezo ukafunguka. Mama alikuja mbio kutoka nje na mikono yake ya sabuni. Mimi nikachukua kadi ya kliniki ya mwanangu nikaunakili ule mstari nyuma yake, maana mashine zikizimika huwezi kujua zitasahau nini. Nimeishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha kwenye makopo, kwa hiyo niliuchora zaidi ya kuuandika, na mtoto ananivuta mkono.

Lakini kuufungua mchezo na kuucheza ni vitu viwili. Alimtazama askari mmoja mpaka chai ikapoa. Aliwapeleka wapiga mishale katikati ya mto, akamwacha mfalme wake peke yake. Mara nyingine alimaliza zamu bila kusogeza mtu. Adui aliendelea kuwa na adabu, alimngoja, ila zamu yake ikifika alikata. Siku moja Shemeji alimpandisha mpiga mishale mlimani, mahali panapofaa, na Mama akampigia dada yake simu kumwambia mtoto anarudi. Kesho yake hakuweza kutofautisha watu wake na wa adui.

Wiki ya mwisho umeme ulikatika na kurudi, na juu ya hapo Shemeji alikuwa amejaza dirisha herufi ovyo, kishale changu kikawa kinaleta takataka tu. Nikachukua ile kadi, nikaandika mstari herufi kwa herufi. Mchezo ukafunguka, ila askari wakaanza kwenda wenyewe. Wa huku na wa kule. Walipigana vizuri, kwa haraka, kila mmoja akijua pa kukanyaga. Nilitaka kuuzima. Shemeji alinizuia, akaweka mkono mapajani, akatazama. Siku hiyo alikula chakula chake chote.

Mchana, baada ya kutazama tangu asubuhi, aliiomba kadi kwa kidole. Akaiangalia, akaweka ukucha mahali pamoja, kisha mahali pengine, akacheka na nusu ya mdomo. Nami nikaona neno ni lilelile pote pawili. Kwenye ule mstari kila upande wa vita una neno lake, wa kwanza neno la mtu, wa pili neno la mashine. Wakati nanakili na mtoto ananivuta, jicho langu lilirudi pasipo pake, nikaandika mashine mara mbili, ikawa inapigana yenyewe kwa yenyewe. Nilimwambia nitarekebisha. Alitikisa kichwa, akanirudishia kadi kama ilivyo. Kuanzia hapo hakutaka mstari mwingine.

Mwenye karakana alitimiza ahadi. Aliingia hata hajakaribishwa vizuri, akasimama mlangoni mwa chumba. Kwenye kioo cha kompyuta wapiga mishale walikuwa wanapanda mlima kwa mpangilio, mifupa inavunjika chini. Mkono wa Shemeji ulikuwa mezani.

"Bisibisi," alisema taratibu, "kumbe umerudi."

Mama alinitazama juu ya bega lake, na lile jicho lilikuwa linaniambia nimeze. Nikameza. Mwenye karakana akasema Jumatatu atatuma gari lije limchukue. Shemeji alihangaika na koo lake, mara moja, mara mbili. Kisha akauinua mkono kutoka mezani, akauweka hewani ili uonekane, na wale askari wakaendelea kwenda.

"Siyo mimi," alisema.

Yule bwana alitazama kioo, akatazama mkono, akakaa kitandani. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Alipotoka nilimfuata nje na kadi mkononi, nikamwambia kwamba kosa lile Shemeji ndiye aliyeliona, mwenyewe, bila kuambiwa, na je, kuona kosa si ndiyo kazi ya fundi?

"Alichukua muda gani kuliona?" akaniuliza.

Ningeweza kusema lolote. Nilimwambia, asubuhi nzima. Akanishukuru, akamshika mtoto shavu, akaenda.

Mama hakumsemesha mwanawe siku mbili. Ya tatu, tukiwa jikoni, alisema huku ananipa mgongo, "Maneno yote yamemkimbia, mwanangu, yakabaki hayo mawili." Alikuwa anakata vitunguu, na nilimwachia kisingizio hicho.

Fundi mpya ameshaanza. Nikipita naona kichwa chake kikiwa kimeinama pale dirishani, anabofya picha zake, kazi inakwenda. Dada wa mazoezi ameacha kutupa tarehe. Asubuhi namwogesha mtoto, namwogesha Shemeji, namsogezea kiti, naandika ule mstari wenye neno moja mara mbili. Sihitaji tena kuangalia, vidole vimeujua. Juzi, wakati majeshi yanatoka kila moja kwenye ngome yake, nilimuuliza yeye anaombea upande upi ushinde. Alifikiri muda mrefu, nikadhani neno limegeuza kooni kama mengine.

"Wamalize tu," alisema.