Shemeji Alitaka Nirudi Kwetu kwa Sababu ya Vipele

Asubuhi mama mkwe alipoamka akijikuna mpaka damu, familia nzima iliamua nimewapa Ukimwi.

Hapa niite Kiende. Mimi ni wa Kianjai, Meru, nimeolewa huku Kiambere, Mbeere. Nilipimwa nikiwa na mimba, nikapatikana na virusi, nikaanza dawa. Nthiga, bwana yangu, hana virusi. Mtoto pia hana. Watu wa boma walijua hali yangu na tuliishi poa tu.

Halafu vikaja vipele. Katikati ya vidole, kiunoni, chini ya matiti. Vilikuwa vinawasha vibaya, nikilala ndio noma zaidi.

Nikajiambia mwili umekataa dawa. Nikaogopa kliniki, nikavaa mikono mirefu kwa hilo jua la Mbeere.

Kumbe Nthiga pia anajikuna. Halafu mamake. Halafu shemeji yangu Mutegi.

Mutegi ndiye aliita kikao.

“Huyu arudi kwao Meru,” akasema, “kabla tuzikane wote hapa.”

Nthiga akatazama chini. Mama mkwe naye akaendelea kujikuna. Kukosa wa kunitetea kuliniuma kuliko vipele.

Nikawaambia nitaenda, lakini kwanza twende kliniki sisi wote. Daktari akisema ni mimi, sitarudi hata kuchukua nguo.

Mutegi akakataa. Mama akafunga leso, akasema yeye anaenda. Ikabidi wote tutoke.

Daktari mwenyewe alikuwa mama mpole. Akaangalia vidole vyetu, mmoja mmoja, na taa.

“Huu ni upele,” akasema. “Ni wadudu wadogo wanaingia kwa ngozi. Mnapeana kwa kugusana na kulala blanketi moja. Virusi vya Ukimwi havipeanwi hivyo.”

Akatupa dawa ya kupaka, shingo mpaka nyayo, boma lote siku moja, hata asiyewashwa. Nguo na blanketi tufue na maji moto. Mimi akanitoa damu kuangalia kiwango cha virusi, akanionya nisiwahi kuacha dawa zangu, na nikiona kitu kwa ngozi nije mapema.

Kisha akauliza kama kuna mtu angependa kupimwa, kwa vile walikuwa na hofu.

Mama akapimwa, hana. Nthiga, hana.

Mutegi akaingia. Akakaa huko ndani sana. Alipotoka alitupita kama asiyetujua.

Majibu yangu yalirudi mazuri, na upele ukaisha pole pole. Mama aliniomba msamaha tukichambua ndengu. Mutegi alikuwa ananikwepa tu.

Jioni moja akasimama kwa mlango wa jikoni. 

“Shemeji,” akasema, “hizo dawa, ukianza zilikufanyaje?”

Nikamvutia kiti.

Yeye ndiye ameniambia niandike hii stori, mradi nibadilishe majina.

Kama unatumia dawa na ngozi ibadilike, usijifiche nyumbani ukikisia. Nenda uangaliwe. Na wewe unayetaka kumfukuza mtu kwa ugonjwa, umeshapimwa?