Mikunjo Mitano ya Shingo ya Dada

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, Bariadi ilianza kuuziwa vitu ambavyo hatukujua kama tunavihitaji. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani yao, mitumba ikaja na marobota yake, na mwisho akaja mama mmoja kutoka mjini. Akapanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, akabandika karatasi mlangoni: sindano za kunyoosha shingo na taya, bila kisu.

Dada yangu aliisoma ile karatasi mara moja. Mimi niliisoma mara mbili na bado yeye aliielewa kunishinda.

Alikuwa mjane. Mfanyabiashara mmoja wa mchele, mtu wa Nyashimo, alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumamosi atakuja nyumbani kujitambulisha. Walikuwa wameongea sokoni tu, dada akiwa amejifunga mtandio mpaka kidevuni. Hofu yake ilikuwa moja: siku mtandio utakapofunguka.

"Twende wote," akaniambia. "Wewe si ndiye unayejua kupunguza bei?"

Kazi yangu ilikuwa udalali wa ng'ombe, na mnadani kanuni ni moja: mnunuzi hamsifii mnyama. Unamzunguka, unamvuta ngozi ya chini ya koo, unatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Kila kasoro unayoitaja inashusha bei.

Yule mama alikuwa na koti jeupe, kioo cha mkononi na vichupa vyenye maandishi ambayo hata nilipoyageuza hayakusomeka. Akamkalisha dada, akamwinua kidevu.

"Mikunjo miwili," akasema, akataja bei. Kichwani niliigeuza kuwa mbuzi, kama nifanyavyo kwa bei yoyote ngeni. Mbuzi wawili, mmoja kila mkunjo.

Nikaanza kazi.

"Miwili wapi, mama? Shingo hii imechoka. Tazama hapa, na hapa, na hapa chini." Nikahesabu kwa kidole, nikarudia. "Mitano hii. Na taya, upande wa kushoto umeshuka kuliko wa kulia."

Akainama kutazama nilipoonyesha. "Kweli kaka, umenisaidia," akasema, akataja bei mpya. Mbuzi watano, na wa sita wa taya.

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikaongeza: ngozi imekauka, kidevu kimejificha. Mbuzi wanane! Miaka yote ya mnadani sikuwahi kuona bei ikipanda kwa matusi. Dada alikuwa ameshika kioo, na macho yake yalikuwa yanakifuata kidole changu.

"Bhabha," akaniita, kwa ule upole wa Kisukuma ambao hautangulii jambo jema. "Leo umenunuliwa na nani?"

Ndipo nikageuza mwendo.

"Kwanza ngoja," nikamwambia yule mama. "Shingo hii ina nini hasa? Mkunjo mmoja, tena huo kazaliwa nao. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu akipalilia pamba. Sikuwa na kingine cha kutazama ila shingo hii. Kutoka hapa mpaka Shishiyu hupati nyingine kama hii."

Bei ikaporomoka hadi mbuzi mmoja. Kisha yule mama akakiweka kichupa mezani, akatutazama kwa zamu.

"Sasa kaka, kama ndivyo, mmefuata nini hapa?"

Nilimtazama dada anijibie.

"Wewe huhesabu kila kitu mara mbili," akasema dada. "Kwanza mitano, halafu mmoja. Nishike hesabu ipi?"

"Ile ya kwanza ilikuwa ya biashara."

"Na ya pili?"

Nayo ilikuwa ya biashara. Lakini kubebwa nilibebwa kweli. Nikachukua kichupa, nikajifanya nasoma maandishi yake.

Dada akacheka, au alikohoa, mpaka leo sijui. Akamshukuru yule mama, akajifunga mtandio, akatoka. Nikamfuata nyuma bila kujua kama nimemwokolea mbuzi wanane au nimemharibia siku.

Jumamosi mgeni akafika na gunia la mchele. Dada akaingia na sinia la chai, shingo wazi, mtandio kaufunga kiunoni.

"Huyu ndiye mdogo wangu, dalali," akamwambia. "Ukitaka kujua shingo yangu ina mikunjo mingapi, muulize yeye. Ana majibu mawili."

Mgeni aliitazama ile shingo kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi tena alikoanzia. Hakuharakisha.

"Mimi huhesabu magunia tu," akasema.

Watu wa nyumbani wakacheka, na dada akacheka kuliko wote. Mimi nilibaki nimeshika kikombe. Hakuiponda, lakini hakuisifu pia, na mahari ilikuwa haijazungumzwa. Sikujua kama yule mtu amempenda dada yangu au ameshaanza kupunguza bei.