Bi Tausi Kwenye Mstari wa Kijani

Usiku ule nilipitiwa na usingizi sakafuni, mkasi ukiwa bado mkononi. Nilikuwa nimemaliza sura ya nne, ile ya matokeo, na asubuhi msimamizi wangu alikuwa akiisubiri.

Utafiti wangu ulihusu kwa nini akina mama wa kijiji kimoja hujifungulia nyumbani ilhali zahanati ipo. Nilikuwa nimechapisha mahojiano yote, nikayakata vipande, kila kipande nikakipaka rangi ya mada yake na kukibandika ukutani. Njano ilikuwa umbali. Bluu, uamuzi wa waume. Kijani, mila. Siku mbili nzima nilijiuliza kama kijani kiwe kilichokolea au kilichofifia. Mimi ndivyo nilivyo; napoteza usingizi kwa jambo dogo, kisha kubwa linanipita mbele ya macho.

Nikaota Bi Tausi ameingia bila kupiga hodi.

Alikuwa mmoja wa wale niliowahoji, mzee wa maneno mengi, aliyenijibu huku akibambua njugu mawe kwenye ungo. Alifariki wiki chache baada ya mimi kuondoka. Binti yake, Mwanaidi, ndiye aliyenitumia ujumbe. Nilijibu kwa pole ya mstari mmoja, na mazikoni sikwenda.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Alinipita. Alisimama mbele ya ukuta, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayekagua nguo kwenye kamba ya jirani.

"Mimi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha kipande cha kijani. Kilikuwa na neno moja tu: Eeh.

"Nimeongea tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Ukala njugu zangu nusu ungo ukisema unaonja. Umebakiza hili?"

"Bibi, nilikuuliza kama mlipenda kuzalia nyumbani kwa sababu ya mila. Ukasema eeh."

"Nilicheka kwanza. Kicheko changu umekiweka wapi?"

Nikataka kumweleza kwamba ndivyo tulivyofundishwa: unapoandika kutoka kwenye kinasa sauti, unaondoa vicheko, vikohozi na kusitasita, maandishi yawe safi. Lakini kinywa changu kimejaa vipande vya karatasi, na kila nikitema kimoja kinakuja kingine.

Ukuta haupo tena. Tuko kwenye uwanja wa zahanati, jua kali, na wanawake wote niliowahoji wamesimama kwa mistari. Ninawapanga mimi. Nasikia sauti yangu: wa njano huku, wa bluu kule, mama usichanganye mistari. Wananitii. Hakuna anayeuliza kwa nini. Bi Tausi naye anakwenda kusimama kwenye mstari wa kijani, taratibu, akiburuta kandambili zake.

"Si hapa pangu," anasema, "ila sisi tumezoea kuambiwa kaa pale."

Kisha namwona Mwanaidi. Amekuja amejishika kiuno, tumbo la mimba limeshuka, jasho linamtiririka. Ananitazama usoni. Najitazama na mimi: nimevaa gauni jeupe la muuguzi, nina daftari kifuani.

"Glavu umeleta?" namuuliza. "Mpira wa kulalia? Rudi nyumbani ukalete."

Sitaki kusema hivyo. Nasema. Mwanaidi anageuka, na barabara aliyojia inazidi kurefuka mbele yake. Nataka kumkimbilia, lakini daftari limenasa mikononi mwangu, halibanduki.

Bi Tausi yuko pembeni yangu sasa. Hana hasira, na hilo ndilo linaloniumiza.

"Nimekufa, mwanangu, siwezi kukubishia. Ukiandika nilipenda, basi nimependa. Lakini yeye bado anaishi na habari hiyo. Kamsomee Mwanaidi ulichoandika. Msomee macho kwa macho, kabla hujawapelekea wakubwa zako."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, na karatasi ilikuwa imenigandia shavuni.

Nilitafuta bahasha niliyoiandika Mengineyo, ile ya maneno yaliyokosa rangi. Kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Bi Tausi: jinsi walivyofika zahanati na Mwanaidi akiwa na uchungu, wakarudishwa kwa kukosa glavu na mpira, na mtoto akazaliwa sakafuni kwao, asilie. Nilikuwa nimekitupa humo kwa sababu kilikuwa peke yake, wakati kwenye mila nilikuwa na wanne na nilimtaka wa tano.

Nikawasha sauti ya mahojiano yake. Swali langu nililisikia vizuri, limebeba jibu lake tayari. Kikafuata kicheko kikavu, kifupi. Halafu: "Eeh, andika hivyo, mwanangu. Si ndivyo mnavyotaka?" Nyuma yake nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: mimi nami nacheka.

Nilimwandikia msimamizi wangu kwamba sura ya nne haipo. Sikueleza zaidi, nilijua nikianza kueleza nitajitetea. Kisha nikampigia Mwanaidi.

"Dada wa maswali!" alisema. "Umepotea wewe. Au umerudi kutuuliza tena?"

"Sina swali, dada. Niliandika vibaya juu ya mama na juu yako. Niliandika kwamba mlipenda kuzalia nyumbani."

Kuku walisikika upande wake, na mtu akimimina maji.

"Nani kapenda?" akauliza, polepole.

"Hakuna. Nataka nije nikusomee alichosema mama, chote. Ukiona nimekosea, unanisimamisha."

"Njoo basi," akasema Mwanaidi. "Ila uje mwenyewe. Hayo si ya kusomewa kwenye simu."